Nilivyokwenda Trablus ya Sham Kumposea Suleiman

Tangu nirudi, birika la kahawa hapa kwangu Mutrah, Maskat, halijapata kupoa. Kila anayeingia ana maswali mawili: kukoje huko Sham, na mbona nimerudi peke yangu. Nimesimulia mpaka sauti imenikauka, na kila nikisimulia nasahau kipande, kisha Bi Zuwena wa Bawshar hunilaumu kuwa nimempunja. Basi nimekaa nikaandika, nanyi mpokezane daftari. Mie chuo changu ni kile cha Msahafu tu, kwa hivyo nimeandika kama ninavyosema.

Suleiman mnamjua kwa jina. Ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu Nassor, na mie ndiye niliyemlea. Tulipotoka Unguja yeye alipitia Masri, mie nikaja huku, na tokea hapo miaka minne sikumtia machoni. Ameshika kazi Beirut kwenye matbaa, anapanga herufi za vitabu. Mwaka huu akaleta barua kuwa amempenda binti wa watu, jina lake Nawal, dada wa Khalid anayefanya naye kazi. Kwao ni Trablus, mji wa pwani, kaskazini ya Beirut. Baba wa binti, Haji Mustafa, fundi wa sabuni, hakumtia kijana ila yoyote. Alisema tu kuwa hawezi kumpa binti mtu asiyewajua wakubwa wake. Aje na mkubwa wake, na asipokuja, basi yaishe.

Na mkubwa aliyebaki ni mie.

Nikatia nia mbili. Ya kwanza nimposee. Ya pili, nikishamwoza, nirudi na wote wawili hapa Mutrah, maana nyumba hii ina vyumba vitatu na mie nalala kimoja. Bi Zuwena akanicheka, akasema hajapata kuona mwanamke anayesafiri bahari nzima kumtafutia mumewe mke mwenza. Nikamwambia mume huyu ameniacha miaka minne, bora aje na mke mwenza kuliko asije.

Mutrah mpaka Kuwait

Meli ilitia nanga mbali, tukapelekwa kwa mashua, na pale ubavuni nikapandishwa kama gunia la ndimu kavu, mmoja anavuta juu na mwengine anasukuma chini. Juu nikapata jirani, Bi Ruqaya binti Hamed wa Sohar, akienda kwa mwanawe Kuwait. Yeye ana samaki mkavu, mie nna mikate ya ufuta na tende, tukachanganya. Siku tano tulikula hivyo. Bi Ruqaya alikuwa na khofu ya bahari lakini hana khofu ya watu. Alimwendea nahodha mwenyewe kumwambia meli inayumba mno, aipunguze. Nahodha akasema atajaribu.

Kuwait tulipokewa na vumbi. Mbingu ilikuwa nyekundu kama matofali, na ndege haikuruka siku tatu. Nilikaa kwa mwanawe Bi Ruqaya, na mkewe, Asila, alinipikia kama mama yake: wali wa kamba mchana, na usiku maziwa ya moto. Siku ya nne vumbi likatua. Bi Ruqaya alinisindikiza mpaka uwanjani, akanisomea duwa kichwani, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama nna hakika chuma kile kitaruka.

Kikaruka. Mkanda niliufunga Kuwait nikaufungua Beirut. Kiti cha pili alikaa mwalimu mmoja wa Kifalastini, Ustadh Fawzi, mtu mpole, akinitajia kila tunachokipita. Alipoona nimefumba macho akaniambia, "Hajja, hapa fumbua. Ukipitwa na hapa utajuta."

Nikafumbua. Chini bahari ilikuwa buluu ya kitambaa kipya, imetulia, na mji mweupe umekaa ukingoni kama uliokuja kuosha miguu. Nyuma ya mji milima, na juu ya milima weupe mwengine. Nikauliza kama ile ni chumvi. Ustadh Fawzi akasema ni theluji. Jua kali, watu wanaoga baharini, na juu yao barafu haijayayuka. Nikasema subhanallah, na mpaka leo nikikumbuka nasema.

Beirut

Suleiman alikuwa amesimama nyuma ya kamba. Amekonda, ameota sharubu, na aliponibusu mkono na kichwa nilisikia harufu ya wino. Sikulia. Nilimwambia sharubu hazimpendezi, akacheka, na mcheko ulikuwa ule ule wa Nassor. Hapo ndipo nilipolia.

Tulitoka tukapanda teksi nyeusi ndefu. Hatujafika mbali dereva akasimama, mwanamume akafungua mlango aingie. Nikaushika ule mlango kwa mikono miwili, nikamwambia teksi ina wenyewe. Yeye avuta, mie navuta. Dereva akageuka ananitazama, Suleiman amejiinamia, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kumbe huko teksi ni ya wote, kila mwenye safari ya njia hiyo huingia. Yule bwana mwishowe alikaa mbele, akanitakia afya njema, akashuka. Dereva alisema tangu ashike usukani hajapata mlinzi kama mie. Huyo ndiye Abu Jamil, Mnasara wa Batrun, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na kuanzia siku ile safari zetu zote alizichukua yeye.

Alitupitisha njia ya pwani ili nione. Kuna majabali mawili yamesimama baharini kama milango iliyoachwa na nyumba ikaondoka, na moja limetoboka, mashua hupita chini yake. Juu yake kuna barabara pana yenye mitende, watu wanatembea bila ya kuwa na wanakokwenda, wazee kwa watoto, wanakula mkate wa ufuta wenye kishikio kama mkoba. Mwuzaji huutoboa akautia zaatari, majani makavu ya kunukia yaliyotwangwa. Nilikula miwili. Chini ufukweni walikuwako wanawake wanaoga, na nguo zao Mungu anajua. Nikageuza uso. Kisha nikageuza tena, maana nilitaka kuhakikisha.

Jambo lililonistaajabisha zaidi ni maji. Chumba cha Suleiman kiko ghorofa ya nne na maji yanapanda mpaka kule yenyewe. Nilifungua bomba nikafunga, nikafungua nikafunga, mpaka akaniambia, "Bibi, yatakuwapo na kesho."

Saida

Kina Haji Mustafa walituwekea miadi siku ya Alkhamisi, na mie nilifika Jumapili. Suleiman alikuwa hali wala halali. Akaona heri anitembeze, akanipeleka Saida, kusini.

Saida nimeipenda kuliko Beirut, maana Beirut ni mji wa wageni na Saida ni mji wa wenyewe. Kuna ngome imejengwa ndani ya maji, na unaiendea kwa daraja la mawe. Nilisimama mlangoni nikaona Jalali na Mirani, ngome zetu za Maskat, ila hizi zetu ziko juu ya majabali zinakutazama kwa kiburi, na ile imekaa baharini na mawimbi yanaingia dirishani. Ndani ya mji njia ni nyembamba, zimefunikwa juu, kama Mji Mkongwe kabisa. Nilipinda kona moja nikasahau niko wapi, nikamwambia Suleiman tupite kwa Bi Shekha tukamwamkie. Bi Shekha alikuwa jirani yetu Malindi, Unguja. Suleiman akanishika mkono.

Tulikula kwa mzee mmoja, Abu Riyad, anayekaanga samaki mbele ya bandari na kumwagia rojo la ufuta na ndimu. Alinisikiliza nikiagiza, akaniuliza nimejifunza wapi Kiarabu hiki cha Msahafu. Nikasema Maskat. Akafikiri. Akauliza kama Maskat iko Sudani. Nikamweleza, naye akanisikiliza kwa adabu, kisha akamwambia mwenzake kuwa mama huyu anatoka Sudani. Nikamwacha, samaki wake alikuwa mzuri mno.

Pale mezani Suleiman akaniambia, "Bibi, nakuomba kitu kimoja. Ule utani wa mume na mke mwenza, Trablus usiufanye."

Nikamwahidi.

Jubail na Batrun

Siku ya Alkhamisi tuliondoka asubuhi na Abu Jamil. Mie nimevaa buibui jipya, na kwapani nna kifurushi: halwa ya Maskat, ubani wa Dhofar, na udi mzuri niliokuwa nimeuweka sandukuni kwa siku kama hiyo.

Njia yote bahari iko mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia, na katikati mashamba ya ndizi na michungwa. Jubail tukapata pancha. Abu Jamil akavua koti akaingia chini ya gari, nasi tukashuka bandarini. Sijapata kuona bandari ndogo kama ile, unaweza kuizungushia kanga. Wanasema mji ule ni wa zamani kuliko miji yote, na kweli nyuma yake kuna nguzo zimelala chini, hazina mwenyewe, na maua mekundu yanaota katikati. Mwanamke mmoja alikuwa ameanika nguo zake juu ya nguzo ya wafalme. Nilimpenda mwanamke yule.

Batrun Abu Jamil alitupitisha kwao. Mkewe, Umm Jamil, akatutolea maji ya limau yaliyopondwa na maganda yake, yana uchungu kidogo nyuma ya utamu. Akaniuliza nakwenda wapi na vazi zuri hivi. Nikamwambia nakwenda kuposa. Akanishika mikono yote miwili, akanitakia kheri mpaka nikaona haya.

Trablus

Trablus utaisikia kabla ya kuiona. Upepo ulileta harufu ya maua ya michungwa mpaka ndani ya gari. Mji una ngome juu na mto chini, na masoko yake kila moja na kazi yake: hili la dhahabu, hili la washonaji, hili la shaba. Kuna khani ya sabuni tupu, ua mkubwa wa mawe, na sabuni zimepangwa minara mirefu kuliko mtu, zinakaushwa kwa upepo. Pia wana tamtam ya jibini, laini, imekunjwa na malai ndani, juu maji ya mawaridi. Nikifa nimesahau mengine, hiyo sitaisahau.

Kijana anayeposewa kwetu haendi nyumbani kwa watu siku ya posa. Suleiman akanifikisha mlangoni, akaenda kungoja bandarini kwao, Mina. Nikaingia peke yangu.

Alinipokea Umm Khalid, mama wa binti, mwanamke mrefu mwenye macho ya kucheka. Chumba kimepambwa, mito imetariziwa. Akaniambia Haji Mustafa amechelewa kidogo, anakuja baada ya Alasiri. Nikaona sawa, maana posa kwetu huambiwa baba, nami nikaliweka neno langu moyoni mpaka afike. Nawal akaleta kahawa. Mashallah. Si mzuri wa kutisha, lakini ana utulivu, na aliinama kunipa kikombe kama anayempa mama yake. Nikanywa kikombe, akaniongeza, nikanywa. Nikasema moyoni, Suleiman hakukosea.

Kisha nikatoa zawadi zangu. Halwa wakaionja pale pale. Udi Umm Khalid akaunusa, akafumba macho, akasema hajapata kunusa kitu kama hiki. Akaagiza makaa. Makaa yakaja, akautia udi, moshi ukapanda, akaniletea mbele yangu kwa mikono yake miwili.

Nyinyi mnaosoma mmeshaelewa. Nani kati yetu atafukiziwa udi kisha akae? Udi ukishazunguka mgeni huvaa viatu. Mwenyeji hasemi nenda, udi ndio humsemea. Na mie baba hajaja, neno sijalitoa, na mwenye nyumba keshanifukiza. Nikajua wameniona, na hawakunitaka. Nikainuka, nikashukuru, nikaaga. Umm Khalid akasema kaa, mbona mapema, kaa. Lakini hata sisi husema hivyo.

Nikamkuta Suleiman Mina, amekaa juu ya ukuta. Nikamwambia, "Babu, hawakutaka."

Hakuuliza lolote. Njiani Abu Jamil alizima redio.

Beirut tena

Siku mbili Suleiman alikwenda kazini na kurudi kama mtu anayebebwa. Siku ya tatu akarudi mchana, amesimama mlangoni, uso umembadilika.

"Bibi, uliwafanya nini?"

Sijapata kusikia sauti ile kwake. Kumbe Khalid siku zote mbili hakumwamkia, na siku ile amemwambia mbele ya watu: bibi yako ameletewa dada yangu akamtazama, akanywa kahawa, akainuka akaondoka baba hata hajafika. Kama hakumpenda angesema kwa adabu. Baba amesema khabari ile isitajwe tena nyumbani kwake.

Nikamwambia wao ndio walionitoa. "Umm Khalid kanifukiza udi kwa mikono yake. Ulitaka nikae mpaka nishikwe mkono?"

Suleiman akakaa chini sakafuni. Miaka minne ya ugenini ilikuwa imemsahaulisha, sasa akakumbuka. "Bibi," akasema polepole, "huku hawana hiyo. Huku aliufukiza kwa furaha."

Nikavaa buibui. Nikamwambia akamwite Abu Jamil, sasa hivi.

Trablus mara ya pili

Njiani nilimweleza Abu Jamil yote. Alinisikiliza mpaka Jubail, kisha akauliza, "Hajja, na ile kahawa yao uliinywa?"

"Vikombe viwili."

"Kabla ya kusema haja yako?"

"Kwani kahawa ya watu huachwa?"

Akapiga usukani kwa kiganja. Akasema huko mwenye haja haigusi kahawa. Huiacha mbele yake mpaka apewe neno, na mie kwa vikombe vile viwili nimewaambia wazi kuwa sina haja. Kisha akasema hataniacha niingie peke yangu. Mwanamume hana budi kuwapo, hata akiwa dereva, hata akiwa Mnasara.

Nyumbani hatukwenda. Tulikwenda khani ya sabuni. Suleiman akabaki uani, mie na Abu Jamil tukapanda ghorofani kwa Haji Mustafa. Ni mtu mfupi, ndevu nyeupe, mikono laini kwa mafuta ya zeituni. Alisimama kwa adabu, lakini uso wake umefungwa. Abu Jamil akasema, "Huyu ndiye mkubwa wa Suleiman. Mimi nimemfuata tu."

Mfanyakazi wake, Adnan, akaleta kahawa, akaiweka kwenye kigoda mbele yangu. Sikuigusa. Wallahi ilikuwa kazi. Tangu nizaliwe sijaacha kahawa ya mtu, na mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, nikaukalia. Haji Mustafa akakitazama kikombe, akanitazama mie, na hapo nikaona amekaa vizuri kitini.

Nikamweleza khabari ya udi. Nikamwambia kwetu mgeni hufukizwa akitakiwa aende.

Akauliza, "Kwa hivyo mke wangu amekufukuza kwa udi wako mwenyewe?"

"Ndo hivyo, Haji. Na mie nikafukuzika."

Alicheka mpaka akatoa leso. Abu Jamil akacheka, na Adnan nje ya mlango akacheka. Nikapata nguvu, nikalitoa neno langu lote, nimemtaja Suleiman na Nassor na babu zake mpaka wa saba.

Haji Mustafa akafuta macho. Akauliza Maskat iko mbali gani. Nikamwambia kweli: ndege, na vumbi la siku tatu, na meli ya siku tano. Akahesabu kimoyomoyo, mcheko ukamwisha usoni.

"Nina binti mmoja," akasema. "Akiumwa huko, nitafika lini? Kijana nimemuuliza, amesema atakaa popote nitakapo. Simuulizi yeye tena. Nakuuliza wewe, Hajja. Ukirudi kwenu, utamwita?"

Chini uani nilisikia sabuni zinapangwa, moja juu ya moja. Nilijua nikimwita atakuja. Hata kama ana watoto, hata kama hataki, atakuja, kwa sababu ni mie. Na mzee yule alijua, ndiyo maana hakumuuliza Suleiman. Nilitaka kusema tutaona, Mungu atajaalia, maneno yale tunayosema tukitaka kuacha mlango wazi. Lakini alikuwa ananitazama kama baba, na mie nimelea, najua.

Nikasema, "Simwiti."

Akanisogezea kikombe.

"Kunywa kahawa yako, Hajja."

Abu Jamil akasema alhamdulillahi kabla yangu. Kahawa ilikuwa imepoa na kufanya utando. Nikainywa yote.

Nikashuka ngazi. Suleiman alikuwa amesimama katikati ya ile minara ya sabuni, na ameshika moja mkononi, ameibana mpaka imepinda. Akanitazama usoni kutafuta jibu. Nikamwambia tu, "Nenda juu, baba mkwe wako anakuita."

Aliitupa ile sabuni, akapanda ngazi mbili mbili. Hakugeuka nyuma. Nami nikashukuru kwa hilo, maana uso wangu ulikuwa bado haujawa tayari kutazamwa.